Ulevi wa Baba na Niliyobaki Nayo

Baba yangu alikuwa fundi cherahani wa kanzu, na alikuwa mlevi. Mtaa mzima ulijua yote mawili. La kwanza watu walilisema kwa sauti: kanzu ya fundi yule hukaa begani, kikwapa hakivuti, na darizi yake haina haja ya kukaguliwa. La pili halikusemwa na mtu, si barazani, si chuoni, wala ndani ya nyumba yetu. Mimi naona lazima nilisemee hili la pili. Nasomesha skuli ya msingi, na kila mwaka hukutana darasani na mtoto anayeishi maisha niliyoyaishi, nikaona jinsi sisi watu wazima tunavyompita kando huku tukiamini kwamba tunamhifadhi.

Tulikuwa tukikaa kwenye majumba ya Michenzani, ghorofa za juu. Anayeyajua majumba yale anazijua na ngazi zake: saruji tupu, kila sauti ya chini inapanda hadi juu. Nilimjua baba tangu alipokanyaga kipandio cha mwanzo. Akiwa mzima alipanda kwa mwendo mmoja na makubadhi yake yalipiga sawasawa. Akiwa ametumia kidogo alipanda mbio kuliko kawaida. Akiwa ametumia sana hatua zilikatika: anapanda, anasimama, kimya, halafu kitu kinakwaruza ukuta. Mimi nilikuwa nikikisikiliza kile kimya. Kikiwa kifupi, nilimwambia mdogo wangu ageukie ukutani ajifanye kalala, nikaondoa glasi mezani. Kikiwa kirefu nilimwamsha mama.

Halafu umeme ukakatika. Waliokuwepo Unguja hawajasahau: kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa bila ya umeme, baada ya njia inayotuletea umeme kutoka Bara kupita chini ya bahari kupata hitilafu. Mafundi waliokuwa na cherahani za umeme walikaa mikono mitupu. Baba alikuwa na cherahani ya miguu, ya chuma, aliyoirithi kwa ami yake, na kazi zote zikamiminika kwake pale kwenye kibaraza chake Mchangani. Pesa zikaja, na gongo ikazidi pamoja nazo. Ngazi zikawa kiza totoro. Miezi ile sikumuona baba akirudi hata usiku mmoja. Nilimsikia tu, na masikio yangu yakawa makali kupita kiasi.

Yako hivyo mpaka leo. Kwenye kikao cha walimu najua nani amekasirika kabla hajafungua mdomo. Mume wangu akiweka funguo juu ya meza najua kazini kumekuwaje. Wenzangu wanakiita kipaji na wananisifu kwa kuwajali watu. Ni kweli nawajali, lakini sijui kukaa chumbani na watu bila ya kuwapekua. Nikienda harusini, wenzangu wanarudi na habari za pilau na nguo za bibi harusi, mimi narudi nikiwa nimechoka, kwa kuwa nimeshinda nikisikiliza sauti ya nani inapanda.

Baba hakuwa mtu wa kupiga kila siku. Alivunja vitu, alimtukana mama matusi ambayo siku nyengine asingeyatamka hata mbele ya paka, na mara chache mkono ulimtoka. Hayo yanaumiza na siyapunguzi. Lakini nikitazama nilichobaki nacho, naona kilichonikaa zaidi ni kule kunyimwa ukweli.

Kwetu Zanzibar ulevi una uzito wake wa peke yake. Pombe inauzwa mahotelini, gongo inapikwa kwa kificho, wanywaji wapo, lakini karibu watu wote ni Waislamu na khamri ni haramu isiyo na mjadala. Nyumba yenye mlevi inaficha mambo mawili kwa pamoja, maradhi na dhambi. Majirani waungwana husitiri, na wetu walikuwa waungwana. Kumsitiri mwenzio ni jema, dini inatufundisha hivyo, na silipingi. Ila sitara ile ilimfunika baba, sisi watoto ikatuacha peke yetu. Unamuona baba yako ameanguka ukumbini, asubuhi mama anasema, "Baba yenu presha imempanda." Jirani anakuuliza, "Baba hajambo?" na macho yake anayapeleka kwengine. Chuoni tunasomeshwa Suratul Maida, tunafika kwenye aya ya khamri, maalim anasoma haraka haraka na kugeuza ukurasa, na mimi nahisi migongo ya wenzangu wote ikinitazama. Kila mtu anajua na hakuna anayesema. Mtoto akikaa hivyo miaka, anafika mahali anaacha kuyaamini macho yake mwenyewe. Nimekuwa mtu mzima ambaye akiona jambo kwa macho yake humuuliza mwengine kwanza, "Hivi ndivyo, au mimi ndiye ninayekosea?"

Tulifundishwa na uongo pia, nao ulikuwa uongo wa kuokoa nyumba. Baba alichukua kazi nyingi kuliko alizoweza kuzimaliza, khasa Mfunguo Sita watu wanapotaka kanzu mpya za Maulidi, na kwenye msimu wa harusi. Siku ikifika kanzu haijawa, mteja anapanda ngazi kuja kuiulizia. Mlangoni nilitumwa mimi, kwa sababu mteja haoni vyema kumgombeza mtoto wa kike. "Mwambie kaenda mazikoni Makunduchi." "Mwambie kaenda kutafuta uzi." Nilijua kuwa nisimtaje marehemu kwa jina, nisijibu haraka mno, na nimtazame mteja kifuani. Nyuma ya pazia kanzu yake iko juu ya kitanda, badani zimekatwa, taharizi hazijaungwa, na mama ameshika sindano anajaribu kuimalizia kwa mkono. Baba amelala chini, mdomo wazi.

Mpaka leo, mtu akiniuliza suali dogo kabisa, umekula, umetoka wapi, jibu la mwanzo linalonijia ni la kuficha. Nimekula, na ilhali sijala. Sina ninachokificha. Ulimi umezoea tu kusimama mlangoni.

Sasa nizungumzie Ramadhani, maana anayetaka kujua mtoto wa mlevi wa Kizanzibari anaishi vipi, aanzie hapo.

Mwezi wa Ramadhani baba alikuwa hanywi. Akiingia kwenye mfungo pamoja na watu wote na akatoka nao. Wapo wengi wa namna yake, na watu husema mlevi anayeweza kuacha mwezi mzima si mgonjwa, anafanya kusudi. Nyumbani kwetu tuliliamini hilo, na kaka yangu lilimtafuna kuliko sote. Alikuwa akisema usiku, kwa sauti ya chini mama asisikie, "Kumbe anaweza. Anaweza kwa ajili ya mwezi, kwa ajili yetu hawezi."

Siku za mwanzo za mfungo mikono ya baba ilikuwa ikitetemeka. Skuli ikifungwa nilikwenda kukaa naye kibarazani. Anashika sindano ya mkono kwa vidole vya kushoto, uzi kwa vya kulia. Kwa sababu ya saumu hataki kuulamba uzi, anaupitisha kwenye kipande cha nta na kuuchonga ncha kwa kucha. Anaupeleka kwenye tundu, unapita pembeni. Anaupeleka tena, unapita upande wa pili. Jasho linamtiririka kwenye kipaji cha uso na kudondokea kwenye kitambaa cheupe cha mtu, naye anakifuta kwa kiganja kwa hofu. Halafu ananipa sindano na uzi bila ya kunitazama. Natunga, namrudishia. Anashona pindo lote kwa ule uzi mmoja mrefu, kwa kuwa hataki kunipa tena. Magharibi, kwenye futari, kikombe cha uji kinagonga meno yake, na mama alikuwa ameshajua, humtilia nusu tu. Sisi tulisema saumu imemkamata.

Haikuwa saumu. Nimekuja kuelewa nikiwa mkubwa, na nalisema hapa kwa sababu kuna nyumba leo zina mtu wa aina hii na mwezi utaandama. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla hugeuka. Ndani ya saa chache mtu huanza kutetemeka, kutoka jasho, kutapika, kukosa usingizi. Wengine huangushwa na kifafa katika siku mbili za mwanzo hata kama hawakuwa na kifafa maishani mwao. Wachache, kwenye siku ya pili mpaka ya nne, huchanganyikiwa kabisa, wakaona watu na wadudu wasiokuwepo, na asiyetibiwa anaweza kufa. Anayekunywa sana kila siku anatakiwa amuone daktari kabla ya kuacha, si baada. Kuna dawa za kuushusha mwili pole pole, na kuna vitamini anazopewa kwa kuwa pombe huzimaliza mwilini. Baba yangu aliingia kwenye hatari ile kila mwaka, mbele ya macho yetu, na sisi tukimpepea kwa kipepeo cha ukili.

Likipita kumi la mwanzo, baba alirudi. Sijui niseme vipi ili anayesoma afahamu. Alirudi mtu mwengine kabisa ndani ya nyumba, mpole, msafi, ananukia ubani. Akija na tende na mkate wa boflo, akimsifu mama kwa kaimati. Baada ya tarawehe alikaa nasi akitusimulia habari za ami yake aliyewahi kushona kanzu za mashekhe wakubwa, na mdogo wangu akilala juu ya paja lake. Kaka alijizuia siku za mwanzo, mwishowe naye alikaribia. Yule hakuwa baba wa kuigiza. Alikuwa kweli baba yangu, na nilimpenda mapenzi ambayo bado yananitoa machozi nikiandika.

Halafu mwezi unaandama. Watoto wa jumba letu wanashuka ngazi wakipiga kelele, kesho sikukuu, nguo mpya, Mnazi Mmoja, pembea, aiskrimu, siku nne za furaha. Mimi tumbo linakaza. Baba ana pesa za kanzu zote za Ramadhani mfukoni. Anatoka jioni ya Idi mosi akisema anakwenda kumpa mkono mtu. Sisi tunavaa nguo zetu mpya, tunakwenda sikukuu kama wenzetu, na nikiwa juu ya pembea naisikiliza ngazi ya nyumbani kichwani mwangu.

Mwili wangu ulilishika somo lile: nyumba ikichangamka, jitayarishe. Siku niliyopata barua ya ajira nilitapika. Usiku wa kuamkia harusi yangu shangazi zangu wanapiga vigelegele, na mimi nimejifungia chooni, sina hofu na mwanamme ninayeolewa naye, nina hofu na ile furaha yenyewe. Mpaka sasa jambo zuri likinijia naliangalia kwa mbali kwanza. Watu wananiona mtu wa kujizuia, wengine hudhani nina kiburi.

Mume wangu hajawahi kuonja pombe. Nilimchagua kwa hilo kabla ya jengine lolote. Hata hivyo miaka ya mwanzo ya ndoa, akichelewa kutoka barazani kutazama mpira, nilimpokea mlangoni, nikamkumbatia na kuvuta pumzi shingoni mwake. Yeye alidhani ni mapenzi. Usiku mmoja alinishika mabega akanisogeza nyuma taratibu, akauliza, "Mke wangu, unanipokea au unanipekua?" Nilishindwa kumjibu. Tulikaa ukumbini mpaka alfajiri, nikamweleza yote, tangu makubadhi kwenye ngazi mpaka nta ya uzi, na alinisikiliza bila ya kunikata. Tangu siku hiyo akichelewa hupiga simu, na akifika hubisha kwa namna yake mwenyewe nijue ni yeye. Ni jambo dogo kwake. Kwangu ni kubwa kuliko mahari.

Ndugu hatukutoka sawa, na nadhani nyumba nyingi ziko hivyo. Mimi nilikuwa mtoto mwema, wa kwanza darasani, wa kuosha vyombo bila ya kuambiwa. Mdogo wangu alikuwa mchekeshaji, hata baba akiwa ameshika kiti anataka kukirusha yeye aliweza kumchekesha. Hadi leo hajui kulia mbele ya mtu. Kaka aliondoka nyumbani mapema, akaapa hatagusa pombe, na hakuigusa. Aligusa unga. Utafiti uliofanywa kwa mapacha na kwa watoto waliolelewa na wazazi wasiowazaa unaonyesha kwamba karibu nusu ya hatari ya mtu kuwa mlevi hutokana na urithi, na inayobaki hutokana na maisha. Kaka alirithi upande mmoja, akaishi na upande wa pili.

Kwa ajili yake ndiyo nilifika kwenye nyumba ya upataji nafuu, zile tunazoziita soba hausi. Zilianza kwetu mwaka 2009 hapa Unguja, na Pemba zimefika. Zinafuata hatua 12 za kuacha ulevi, za wale walevi wa Marekani waliokusanyika mara ya mwanzo mjini Akron, Ohio, mwaka 1935, wakagundua kwamba mlevi anamuelewa mlevi mwenzake. Kulikuwa na siku ya familia. Nilikwenda na mama, tumebeba chakula, tukidhani tumeitwa kusikia habari za kaka.

Aliyezungumza nasi alikuwa kijana aliyewahi kutumia mwenyewe. Hakuanza na kaka wala na wenzake. Alituuliza sisi, "Nani hapa huamka usiku akasikiliza mlango?" Karibu kila mama aliyekuwepo pale alinyanyua mkono. Mama yangu akanyanyua. Nami nikanyanyua, nikamtazama mama na yeye akanitazama, na ndiyo mara ya mwanzo katika maisha yetu sote wawili kukubaliana mbele ya watu kwamba tulikuwa tunasikiliza ngazi ile ile.

Nilianza kusoma kutoka hapo. Nikajua kwamba mke wa mmoja wa waanzilishi wa Akron, naye, baada ya mume wake kupata nafuu, alijiona amebaki na maradhi yake mwenyewe, na mwaka 1951 akaanzisha pamoja na mwenzake jumuiya ya jamaa wa walevi, Al-Anon. Nikajua kuhusu mtaalamu wa Marekani, Claudia Black, aliyeeleza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kanuni tatu ambazo watoto wa nyumba hizi hujifunza bila ya kufundishwa: usiseme, usiamini, usihisi. Nilipozisoma nilikuwa kwenye daladala ya Fuoni. Nilishuka kabla ya kituo changu nikaenda kwa miguu, kwa kuwa sikuweza kukaa.

Kilichonisaidia zaidi ni habari ya kisiwa. Kauai ni kisiwa kidogo cha Hawaii, Marekani, na huko mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto wote waliozaliwa mwaka 1955, watoto 698, tangu matumboni mwa mama zao hadi utu uzima. Wengi wa waliokulia kwenye umasikini, ugomvi na ulevi walipata matatizo. Lakini kiasi cha theluthi moja ya walio kwenye hatari walikua wakawa watu wazima wanaojiweza na wanaojali wenzao. Jambo moja lililoonekana sana kwa hao ni kwamba walikuwa na mtu mzima, hata mmoja, aliyewashika: bibi, mwalimu, jirani.

Mimi nilikuwa naye. Alikaa ghorofa ya chini yetu, mjane, akipika maandazi alfajiri, na jumba zima likimwita Bi Mkubwa. Siku moja nimeshuka na ndoo ya maji akaniita ndani, akafunga mlango, akanikalisha juu ya jamvi. Akasema, "Mwanangu, baba yako mlevi. Mimi najua, na wewe unajua. Hukumlewesha wewe, na wewe huwezi kumlevua. Ukisikia kelele usiku mshike mdogo wako mje kwangu, mlango sitii komeo." Hakusema zaidi. Akanipa maandazi nimpelekee mama, kama kwamba hakuna kilichozungumzwa.

Watu wangemlaumu Bi Mkubwa kwa kumvunjia baba heshima mbele ya mwanawe. Nimelifikiria sana hilo na sioni kosa lake. Hakumtangaza baba kwa mtu. Alimwambia mtoto anayeyaona mambo kwa macho yake kwamba macho yake yanaona sawa. Tulilala kwake usiku mwingi. Hakutuuliza kitu, na asubuhi hakutusimanga. Ninaposema kwamba sikupotea, sehemu kubwa ni yake, na nimemwambia akiwa hai.

Baba alifariki kwa maradhi ya ini. Kwenye hitma yake kila aliyemkumbuka alizikumbuka kanzu, na nilikuwa na hasira siku ile, kisha hasira zikapungua kidogo kidogo, na sasa namuombea dua bila ya kujilazimisha. Sina mengi ya kusema hapo. Kumsamehe kulikuja wakati wake, na sipendi mtu anayemwambia mtoto wa mlevi aharakishe kusamehe kabla hata hajaruhusiwa kusema alichotendewa.

Darasani siwatafuti wale watoro au wagomvi peke yao, hao kila mwalimu anawaona. Namtazama mtoto aliyekuwa mtu mzima mapema mno. Anaona nimechoka kabla ya mimi kuona. Anafuta ubao bila ya kuambiwa. Wenzake wakigombana anaingia kati na kusuluhisha, sauti ikipanda anatazama mlango. Ana jibu tayari kwa nini hakuna aliyekuja kwenye kikao cha wazazi. Simuulizi nani anakunywa, kwa kuwa najua ameagizwa nini. Namwambia tu kwamba mambo ya watu wazima hayaletwi na mtoto, na kwamba akitaka kukaa darasani mchana kabla ya kurudi nyumbani, nipo. Penye kupigwa sinyamazi: kuna Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, kuna vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini vinavyowahudumia waliopigwa na waliodhalilishwa, kuna simu ya bure ya watoto, 116. Nimeshakwenda kwa sheha kwa ajili ya mtoto, na nitakwenda tena.

Mwaka jana mama mmoja alinifuata ofisini uso umemjaa ghadhabu. "Maalim, umemwambia nini mwanangu?"

"Nimemwambia si kosa lake."

"Nani kakwambia habari za nyumbani kwangu?"

"Hakuna aliyeniambia, dada yangu. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ya namna hiyo."

Alikaa. Alivua mtandio ukamdondoka mabegani, hakuunyanyua. Akanieleza kwamba mume wake ni mtu mzuri, kwamba Ramadhani hagusi pombe kabisa, na kwamba mwaka uliopita siku ya tatu ya mfungo alianguka na kutoka povu mdomoni, wakamsomea, wakasema amepigwa na jini. Nilimweleza nilivyoeleza hapa. Nikamwambia wasingoje mwezi uandame, waende kwa daktari mwezi wa Shaabani. Aliuliza kama atatangazwa. Nikamjibu kwamba siri ya mgonjwa ni amana kwa daktari, na kwamba nikihitajika nitakwenda nao nikae nje kwenye benchi.

Hawakunihitaji. Shaabani haijesha aliniletea ujumbe kwenye simu kwamba wamekwenda, mume wake amepewa dawa na tarehe ya kurudi, na yeye mwenyewe ameambiwa aje siku nyengine azungumze peke yake. Mtoto hajui kama tumeonana. Aliendelea kufuta ubao kila kipindi kikimalizika, mpaka nikaweka zamu ya darasa zima na jina lake nikalipanga Alkhamisi tu. Wiki ya mwanzo alisimama karibu na ubao akimsubiri mwenzake amalize. Nikamwambia atoke akacheze mpira, akatoka.